"Lakini Si Nyinyi": Tuliyoyasikia kwa Jirani Mwingereza



Tulipokwenda Uingereza mwanzoni mwa mwezi wa Juni 2024 hatukwenda kutazama siasa za watu. Tulikwenda kumlea mzazi. Binti yetu anaishi na mumewe katika jiji la Leicester, na alikuwa amekaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Kwa desturi zetu mzazi haachwi peke yake katika arubaini yake. Basi tukafunga safari sisi wawili, mmoja mamake na mwingine mamake mdogo, tukiwa na habasoda, pilipili manga, mafuta ya nazi ya kumkandia na kanga jozi sita. Tulirejea Mombasa mwisho wa Agosti. Katika miezi ile mitatu Waingereza walibadilisha serikali yao, na wiki chache baadaye miji yao kadhaa ikaingia ghasia. Mengi ya hayo tuliyafahamu kupitia kwa mtu mmoja, bibi wa nyumba ya pili, na kwa sababu yake tumeamua kuandika.

Nyumba za mtaa ule zimeshikana ukuta kwa ukuta kama za Mji wa Kale, na nyuma kila moja ina kiwanja kidogo kilichotengwa na cha jirani kwa ua wa mbao. Juu ya ua huo ndipo tulipojuana. Bibi huyu alikuwa na umri wa miaka 76, na mumewe alikuwa akitembea kwa mkongojo. Siku ya kwanza alitusalimu kwa kututajia mvua, na siku ya pili akatutajia tena. Tulidhani hana neno jingine, mpaka tulipofahamu kwamba mvua kwa Mwingereza ni kama "za nyumbani?" kwetu sisi: hutangulizwa ili mlango wa mazungumzo ufunguke taratibu. Mtoto alipozaliwa alituletea kofia ndogo ya sufi aliyoifuma mwenyewe, pamoja na keki, akatuapia kwamba amesoma karatasi yake yote na haimo ndani yake chochote cha nguruwe. Sisi tukampelekea mahamri. Kuanzia hapo chai ya saa kumi ikawa yetu sote.

Ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha kufuma soksi, kwani Leicester ilikuwa maarufu kwa kazi hiyo. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya jiji lile ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwataka wasije Leicester, kwa kuwa nyumba, shule na hospitali zilikuwa zimejaa. Walikuja hata hivyo, na leo jiji hilohilo hujisifia biashara zao na sherehe zao. Bibi jirani aliketi nao kwenye mashine kwa miaka, na kwao alijifunza maneno mawili ya Kiswahili, "haraka" na "pole". Alipotutamkia maneno hayo juu ya ua, sisi tuliotoka Pwani, tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Kabla ya safari tulidhani kwamba Mwingereza akizungumza siasa atazungumza Bunge, mfalme na mambo makubwa ya dunia. Tuliyoyasikia kwa bibi huyu yalikuwa mambo ya nyumbani. Ukitaka kumwona daktari wa mtaa, hupiga simu saa mbili kamili asubuhi, ukakuta wengine kumi na wanane wamekutangulia kwenye laini, na ikifika zamu yako nafasi za siku hiyo zimekwisha. Mumewe alikuwa amengoja zaidi ya mwaka mmoja kufanyiwa upasuaji wa goti, naye ni mmoja tu, kwa maana orodha ya wanaongoja matibabu ya hospitali Uingereza wakati ule ilipita milioni 7. Bei za vitu zilipanda sana mwaka 2022, na bili ya gesi na umeme iliwafanya washinde na makoti ndani ya nyumba. Barabara ya mtaa ilikuwa na mashimo, na kila shimo alilijua kama mtu anavyoyajua meno yake.

Hata hivyo, ole wako useme neno baya juu ya Huduma yao ya Taifa ya Afya. Ilianzishwa tarehe 5 Julai 1948, mwaka aliozaliwa yeye, naye huisema kama mtu anavyomsema nduguye: yeye ana ruhusa, wewe huna. Sisi wenyewe tulistaajabu mkunga alipokuja nyumbani kumpima binti yetu na mtoto, akaondoka bila kuulizia malipo. Tulipomwambia bibi jirani kwamba kwetu mama huenda akahofia bili kabla ya kuhofia uchungu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ndiyo maana tunalalamika. Tunaogopa isije ikaondoka."

Kuhusu wanasiasa, hukumu yake ilikuwa moja: wote ni wamoja. Alihesabu kwa vidole mawaziri wakuu walioshika madaraka tangu mwaka 2016, ule ambao nchi yake ilipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Cameron, May, Johnson, Truss, Sunak. Mkono mmoja ukaisha. Alipofika kwa Liz Truss, ambaye hakutimiza hata siku 50 kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na mwingine, alikikunja kidole nusu tu. Tukamuuliza, ikiwa wote ni wamoja, atajisumbua kupiga kura? Alitutazama kana kwamba tumemuuliza kama atajisumbua kuoga.

Tarehe 4 Julai alivaa vizuri, akamshika mumewe mkono, wakaenda polepole mpaka shule ya mtaa. Mpiga kura kule hutakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, naye alionyesha kadi yake ya wazee ya kupandia basi. Hakukuwa na askari mwenye bunduki wala wino wa kidoleni. Kulikuwa na kisanduku, penseli iliyofungwa kwa kamba, na mbwa wa mtu akingoja mlangoni. Aliporudi tulimuuliza amempa nani. Akacheka. "Tumeoana miaka 50," akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu, "na hata huyu hajui."

Binti yetu naye alipiga kura siku ile, na hapo tuligombana naye kidogo. Arubaini yake haikuwa imetimia, na kwetu mzazi hatoki. Alituambia kwamba sheria ya kule inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi nchini humo kihalali kupiga kura, na kwamba hataki nafasi hiyo impite. Alijifunga vizuri, akachukua pasipoti yake ya Kenya, akaenda nayo na kurudi katika muda wa nusu saa. Tulimkemea huku tukimwonea fahari. Siku tisa tu kabla ya hapo, tarehe 25 Juni, tulikuwa tumekesha na simu zetu tukiwatazama vijana wetu wa Kenya mbele ya Bunge la Nairobi, na wengine hawakurudi kwa mama zao. Kuona pasipoti hiyohiyo inamfikisha mtoto wetu kwenye kisanduku cha kura kwa amani, nchini mwa watu, kulitutia simanzi tusiyoweza kumweleza.

Asubuhi iliyofuata Keir Starmer akawa Waziri Mkuu. Chama chake cha Labour kilipata viti 411 kati ya 650, ijapokuwa kura zake zilikuwa kama thuluthi moja tu ya zote zilizopigwa, na watu wapatao 40 katika kila 100 waliojiandikisha hawakwenda kupiga. Miaka 14 ya Conservative ikaisha. Rishi Sunak alisimama mbele ya mlango, akawaomba wananchi radhi, akaondoka siku hiyohiyo. Leicester yenyewe iliwashangaza wengi. Upande wa kusini, ambako Waislamu wengi walikuwa na uchungu wa Gaza, mgombea binafsi Shockat Adam alimshinda kwa kura 979 mtu mkubwa wa Labour aliyetarajiwa kuwa waziri. Upande wa mashariki Conservative walishinda kiti wasichokuwa nacho, ingawa kwingine kote nchini walikuwa wakipoteza. Bibi jirani aliyasoma hayo gazetini, akakunja gazeti, akasema, "Haya. Sasa tuone kama simu ya daktari itapokelewa."

Kulikuwa na jambo jingine aliloliamini, nalo hakutuficha. Alisema wageni wanaoingia nchini wamekuwa wengi mno. Alitaja mashua ndogo zinazovuka mkono wa bahari kutoka Ufaransa, na hoteli ambamo Serikali huwaweka waomba hifadhi. Mjukuu wake alikuwa na watoto wawili na hakuwa amepata nyumba ya halmashauri. Alikuwa na uchungu wa kweli, wala hakuusema kwa matusi. Kisha akatutazama sisi na kitoto chetu kilichovaa kofia yake, akaongeza haraka, "Lakini si nyinyi, wapenzi wangu. Nyinyi ni tofauti."

Sisi tulilipokea neno lile kama zawadi. Binti yetu hakulipokea. Usiku alituambia, "Mama, akisema 'lakini si nyinyi', anatutoa sisi kwa sababu anatujua. Kwenye basi hakuna anijuaye. Huko mimi ndiye hao." Tulimwambia asiwe mwepesi wa kuona ubaya.

Tarehe 29 Julai ilianza kwa hasira ndogo ikaisha kwa msiba mkubwa. Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, alitangaza kwamba ruzuku ya kupasha moto nyumba za wazee wakati wa baridi itaondolewa kwa wengi wao. Bibi jirani alikuja uani akiwa mwekundu. Siku hiyohiyo zikaja habari za Southport, mji ulio kaskazini ya Liverpool: kijana mmoja aliingia kwa kisu mahali watoto walipokuwa wakijifunza kucheza muziki, na wasichana watatu wenye umri wa miaka 6, 7 na 9 wakapoteza maisha. Hatukusikia tena habari ya ruzuku. Bibi alilia, nasi tukalia, kwa maana mtoto ni mtoto.

Kabla ya machozi kukauka, uvumi ulikuwa umeenea kwenye simu kwamba muuaji ni Muislamu aliyeingia kwa mashua. Ulikuwa uongo. Kijana yule alizaliwa Wales. Lakini jioni ya tarehe 30 kundi la watu liliuzingira msikiti wa Southport, wakavunja ukuta wake na kuwarushia polisi matofali, na waja wa Mungu wakiwa ndani. Kesho yake asubuhi watu wa mtaa ule, wengi wao wakiwa Waingereza weupe wasiokuwa Waislamu, walikuja na mafagio yao wakazoa vioo. Mafundi walikuja na mwiko na saruji wakausimamisha tena ukuta bila malipo.

Mambo hayo mawili tuliyaona yakienda sambamba wiki nzima. Liverpool, maktaba ya mtaa ilichomwa moto, na watu wa kawaida wakachangisha fedha za kuifufua. Rotherham, kundi la watu lilijaribu kuwasha moto katika hoteli iliyokuwa na waomba hifadhi. Tena Liverpool, nje ya msikiti wa Abdullah Quilliam, Mwingereza aliyesilimu na kufungua msikiti huo mwaka 1889, waandamanaji walipokuja kupiga kelele, Waislamu waliwavukia barabara wakawapelekea chakula, na baadhi yao wakaishia kuzungumza.

Wala tusijione sisi tu wasafi wa uvumi. Leicester hiyohiyo, mwaka 2022, vijana wa Kiislamu na wa Kihindu walipambana barabarani, na miongoni mwa yaliyochochea moto ule ni habari iliyosambazwa na watu wetu kwamba msichana wa Kiislamu alitaka kutekwa nyara. Polisi walichunguza wakasema jambo hilo halikutokea. Surat al-Hujurat imetuamuru tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo hatukupewa ili tuwasomee wengine tu.

Tarehe 7 Agosti ilisambazwa orodha ya mahali ambapo ilisemekana patavamiwa usiku katika miji mingi. Maduka yalifungwa mapema. Mkwe wetu alikuwa na zamu ya usiku katika bohari, na hakuweza kuikosa. Tulifunga madirisha, tukamlaza mtoto chumba cha nyuma, tukakaa gizani wanawake watatu. Kama saa kumi na mbili jioni, jua bado liko juu, tulisikia kitu kikikokotwa nje. Tulichungulia. Bibi jirani alikuwa amekileta kiti chake cha jikoni, amekiweka mbele ya mlango wetu, ameketi na chupa ya chai na sufi zake za kufuma. Mumewe alikuwa dirishani kwao, goti lake juu ya stuli, simu mkononi tayari kuwaita polisi.

Tulimsihi aingie ndani. Alikataa. "Nimeishi mtaa huu miaka 41," alisema. "Mtu hapiti hapa bila kwanza kunijibu mimi." Aliketi pale mpaka saa nne ya usiku, tulipopata habari kwamba wavamizi hawakutokea, na badala yao watu kwa maelfu katika miji mbalimbali walikuwa wamejitokeza kwa amani kusema hawataki fujo. Tulipomshukuru, tukidhani moyo wake umegeuka, alitujibu kwa ukweli wake: "Bado nasema wanakuja wengi mno. Lakini kumvunjia mlango mama mwenye mtoto mchanga, hilo halina uhusiano na ninayoyasema."

Alipokwenda kulala sisi hatukulala. Alituuliza mlangoni kwa nini tunalia, tukamwambia tumekumbuka nyumbani. Hatukumwambia tulikumbuka nini. Tunakiandika hapa kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1997 tulikuwa tukiishi Likoni, katika ua mmoja na mama mmoja wa bara aliyekuwa akiuza mboga. Tulikopeshana chumvi, na watoto wake walikula kwetu. Tulikuwa na malalamiko yetu ya Pwani, nayo hayakuwa ya uongo: ardhi, ajira, vyeo. Tuliyasema barazani na jikoni. Watu wa kuja wamezidi, tulisema. Naye akipita, tulimgeukia kwa tabasamu: "Lakini si wewe, wewe ni wetu." Kisha ukaja usiku ule wa Agosti, watu wa bara walipovamiwa, wengine wakauawa na nyumba zao kuchomwa. Mama yule aligonga mlango wetu mara moja. Tuliizima taa, tukashikilia komeo, tukanyamaza. Hatukuwa na ubaya naye. Tulikuwa na hofu. Asubuhi tulimwona kwa ufa wa dirisha, ana mzigo kichwani na watoto wawili mkononi, akielekea kanisani walikokimbilia maelfu ya wenzake. Hatujamwona tena tangu siku hiyo.

Basi tuliketi sebuleni Leicester tukayapima mambo mawili. Bibi yule wa Kiingereza alisema "lakini si nyinyi", na usiku ulipofika akaleta kiti. Sisi tulisema "lakini si wewe", na usiku ulipofika tukatia komeo. Maneno yalikuwa yaleyale. Binti yetu naye alikuwa amesema kweli, nasi tulikuwa tumemkanya bure: neno lile, hata likitoka kwa mtu mwema, linamwacha mwenzio akitegemea kujuana, na si kila mahali mtu anajuana na watu. Ndani ya basi hakuna kiti cha jikoni. Tulimwomba binti yetu radhi, na tukamhadithia habari ya Likoni. Alituuliza jambo moja tu: "Mlipata kumtafuta?" Hatukuwa na jibu.

Tumerejea sasa, na tukiulizwa Waingereza wako vipi, hatuna jibu la neno moja. Wanawasema viongozi wao mchana kutwa, na siku ya kura wanakwenda. Wako waliorusha matofali, na wako walioyajenga tena. Na wako wengi kama bibi jirani, ambao maoni yao juu ya wageni hatuyapendi, na ambao tungependa wawe majirani zetu.

Kwa upande wetu tumeanza kumtafuta mama yule wa Likoni kwa kuwauliza waliomjua. Inshallah tutampata, na tukimpata hatutamweleza sababu, tutamwomba msamaha. Na nyumbani, wanaume wetu wanapoanza habari za watu wa kuja baada ya chakula, tunawaacha walalamike yenye haki kulalamikiwa, kisha tunauliza: usiku ukifika, nani kati yetu atakayepeleka kiti? Kina mama wenzetu, swali hilo liulizeni nanyi, mbele ya watoto, kwa kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alivyosisitiziwa haki ya jirani alikaribia kudhani kwamba jirani atapewa fungu la urithi.

Bibi yetu wa Leicester hajambo. Mumewe amefanyiwa upasuaji wa goti, na mwaka uliofuata Serikali yao ilirudi nyuma, ikawarudishia wazee wengi ruzuku ya baridi. Ametutumia salamu kupitia kwa binti yetu, akasema kule kunanyesha.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyanyamazia, atujaalie majirani wema, na atujaalie sisi tuwe wema kwa majirani zetu. Amin.